Wati 100, lakini redio ya jamii inaishia kilomita 7: tununue mtambo mkubwa au tatizo liko kwingine?

mitambo_jamii

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaojua urushaji wa FM. Redio ni ndogo, ya jamii, vipindi vingi ni maongezi na taarifa, muziki ni kidogo. Hali ya mitambo iko hivi:

Mtambo ni wa wati 100, masafa 98.4 MHz, unarusha kwa stirio. Mlingoti ni wa chuma, mita 24, umesimama jirani na studio kwenye ardhi tambarare. Antena ni dipoli moja ya wima (mikono miwili ya bomba, kebo ikiingia katikati), imefungwa ubavuni mwa mlingoti karibu na kilele, upande wa kaskazini, sentimita 30 kutoka kwenye chuma. Kebo ni RG-213, mita 45 kutoka kwenye mtambo hadi kwenye antena.

Usikivu: redio za mezani ndani ya nyumba zinashika vizuri hadi kilomita 7 hivi. Redio za gari zinafika kilomita 14 au 15 kwa barabara ya kaskazini, lakini ya kusini zinaanza kukwaruza kilomita 9. Mashariki, kilomita 9, kuna kilima kirefu, na kijiji kilicho nyuma yake (kilomita 12 kutoka studio) hakipati kitu. Tena kuanzia saa 1 usiku wasikilizaji wa pembezoni wanasema mikwaruzo inazidi.

Ushauri tuliopewa ni kununua mtambo wa wati 300. Kabla fedha haijatoka, je, ndiyo dawa?

Desibeli_Kwanza

Salaam mkuu. Maelezo yako yamejitosheleza, kwa hiyo tupige hesabu kabla ya kushika pochi.

Anza na kebo. RG-213 kwenye masafa ya karibu 100 MHz hupoteza takriban desibeli 7 (dB, kipimo cha uwiano wa nguvu: 3 dB ni mara mbili) kwa kila mita 100. Kwa mita 45 ni 3.2 dB, ongeza konekta, tuseme 3.5 dB jumla. Maana yake kati ya wati 100 zinazotoka kwenye mtambo, zinazofika juu ni kama 45. Zaidi ya nusu inaishia kupasha kebo joto. Dipoli moja haiongezi wala kupunguza, kwa hiyo nguvu inayotoka hewani ni wati 45, na hapo nakadiria kwamba antena yenyewe ni nzima.

Mkiweka mtambo wa wati 300 kwenye kebo hiyohiyo na antena hiyohiyo, hewani zitatoka wati 134. Sasa linganisha na njia ya pili: bakini na wati 100, badilisheni kebo iwe ile nene ya nusu inchi yenye ganda la shaba lenye mikunjo. Hiyo hupoteza takriban 2.2 dB kwa mita 100, kwa mita zenu 45 pamoja na konekta ni 1.2 dB, zinafika juu wati 76. Ongezeni dipoli ya pili chini ya ya kwanza, mpate takriban 3 dB nyingine: wati 150 hewani. Mmeupita mtambo wa wati 300, na bili ya umeme imebaki palepale.

Jambo la pili ni upeo. Kanuni ya kukadiria upeo wa mawimbi ya FM ni kilomita = 4.12 × (kipeo cha pili cha urefu wa antena ya kurushia + kipeo cha pili cha urefu wa antena ya kupokelea), urefu ukiwa kwa mita. Antena ya mita 24 inatoa kilomita 20, redio iliyo mita 1.5 juu ya ardhi inaongeza 5. Jumla kilomita 25. Kwa hiyo kwenye tambarare bado hamjagonga mwisho wa upeo, kinachowapungukia ni nguvu ya wimbi pale msikilizaji alipo.

Na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwenye ardhi tambarare wimbi la moja kwa moja na lile linalodunda ardhini hukutana na kupunguzana, na kadiri antena zilivyo chini ndivyo zinavyopunguzana zaidi. Kwa wati 45, mlingoti wa mita 24, umbali wa kilomita 7, hesabu inatoa takriban 60 dBµV/m (kipimo cha nguvu ya wimbi mahali lilipofika) kwenye antena iliyo mita 10 juu, lakini 43 tu kwa redio iliyo mita 1.5. Tofauti ni zaidi ya desibeli 16 mahali palepale! Ukuta wa nyumba ukila 10 nyingine, redio ya mezani imebakiwa na 33 hivi. Mapendekezo ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) kwa maeneo ya vijijini ni 54 dBµV/m kwa stirio na 48 kwa mono, vyote vikipimwa mita 10 juu. Mijini ni 66 na 60, kwenye majiji makubwa 74 na 70, kwa sababu kelele za umeme ni nyingi. Kwa hiyo kilomita 7 mnazozipata ndani ya nyumba hazishangazi hata kidogo.

Kwenye eneo la namna hiyo, kuzidisha nguvu ya mtambo mara mbili huongeza 3 dB, na umbali wa usikivu unakua kwa asilimia 19 tu. Kuzidisha urefu wa antena mara mbili huongeza 6 dB. Mkitoka mita 24 hadi 36 mnapata 3.5 dB, ambayo ni zaidi ya kuzidisha wati mara mbili. Urefu wa mlingoti ndiyo wati rahisi kuliko zote, mradi leseni inaruhusu. Karibu kila leseni hutaja nguvu inayotoka hewani, urefu wa antena na mwelekeo wake, kwa hiyo badiliko lolote kati ya hayo lipitie kwanza kwenye mamlaka iliyowapa.

FundiKebo

Nakubaliana na hesabu za Desibeli_Kwanza, ila zimesimama juu ya sharti moja alilolitaja kwa haraka: antena iwe nzima. Mkuu mitambo_jamii, hujatuambia mtambo unaonyesha nguvu ya kurudi kiasi gani, yaani ile ambayo antena inaikataa na kuirudisha chini. Bila namba hiyo tunabahatisha.

Fungua ukurasa wa vipimo kwenye mtambo, andika nguvu ya kwenda na nguvu ya kurudi. Soma saa 8 mchana, kisha saa 2 usiku, siku mbili tatu mfululizo, na uandike volti za umeme na joto la mtambo pamoja nazo. Pia pima urefu wa mikono ya dipoli kutoka katikati hadi ncha. Ukipanda, mtambo uwe umezimwa na swichi imefungwa kwa kufuli, ufunguo uko mfukoni mwa anayepanda. Hata wati 50 zinaunguza ngozi ukigusa ncha ya antena.

Ukiwa juu kagua konekta. Maji huingia kwenye konekta ya juu, yanashuka ndani ya matundu ya waya wa nje, na kebo ya RG-213 ikishanyonya maji haikaushiki, ni ya kubadilisha. Dalili ni shaba iliyogeuka kijani au nyeusi ukimenya kipande kidogo. Kufunga vizuri: tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ivutwe hadi iwe nusu ya upana wake, ianzie chini kwenda juu ili mikunjo ikae kama vigae vya paa, kisha juu yake tepu ya plastiki ya kuzuia jua. Silikoni yenye harufu ya siki isiguse konekta kabisa, asidi yake inakula shaba. Na kabla kebo haijaingia ndani ya jengo iache ining'inie kidogo kwenda chini, maji yadondokee hapo.

Usikivu_Bora

Naongeza upande ambao hauhitaji kupanda mlingoti wala kununua chochote: zimeni stirio.

Kwenye FM, habari ya stirio inabebwa juu ya 38 kHz, na huko ndiko kelele za kipokezi zilikojaa. Wimbi likiwa dhaifu, redio ikifungua stirio inaleta mikwaruzo zaidi kwa takriban desibeli 20 kuliko ikiwa mono. Kwa redio ambayo vipindi vyake vingi ni maongezi, mnalipa gharama kubwa kwa kitu ambacho msikilizaji mwenye redio ya spika moja hakisikii. Mono ingewafikisha mbali zaidi leo hiihii kwa wote wanaotumia redio za gari na redio zenye stirio.

Lakini zimeni kwa usahihi. Haitoshi kulisha mtambo sauti ileile kushoto na kulia. Pailoti ya 19 kHz (mlio usiosikika unaoiambia redio kuna stirio) ikibaki hewani, kipokezi kinaamini kuna stirio na kinaendelea kufungua kelele. Ingieni kwenye eksaita (sehemu ya mtambo inayotengeneza wimbi la FM), chagueni mono, kisha hakikisheni kwa redio yenye taa au alama ya stirio kwamba imezimika. Pailoti peke yake inakula karibu asilimia 9 ya mchepuko wa masafa (kiasi masafa yanavyoyumba kubeba sauti), kwa hiyo mkiiondoa sauti nayo inapata nafasi ya kupanda kidogo.

Hapohapo kwenye eksaita angalieni mambo mawili. Mchepuko usizidi ±75 kHz. Ukizidi, redio za bei nafuu zinapasua sauti na mnamwagikia masafa ya jirani. Ukiwa mdogo, tuseme unacheza kwenye 30 kHz, msikilizaji anapandisha sauti na kelele inapanda nayo, halafu mnaambiwa "hamshiki" wakati wimbi lipo. Sauti ya studio ipite kwenye kompresa na limita (vifaa vya kusawazisha sauti na kuzuia isizidi kiwango), ili mtangazaji anayenong'ona na yule anayefoka wafike wakiwa na nguvu inayolingana. La pili ni msisitizo wa sauti nyembamba, ambazo mtambo huzipandisha na redio huzishusha: sehemu kubwa ya dunia hutumia µs (mikrosekunde) 50, Marekani na baadhi ya nchi hutumia 75. Mkiweka 75 mahali ambapo redio zimetengenezewa 50, herufi "s" zinachoma masikio na limita inafanya kazi kupita kiasi.

Kwa upande wa wasikilizaji, wafundisheni haya hewani, mara kwa mara: antena ya redio ivutwe yote na isimamishwe wima, kwa kuwa yenu ni ya wima (sentimita 76 ndiyo robo ya wimbi kwa masafa haya, na antena nyingi za kuvuta zinakaribia hapo). Redio ikae dirishani upande unaotazama mlingoti. Isikae karibu na chaja ya simu, taa za LED wala kidhibiti cha sola, hivyo vinarusha kelele. Anayesikiliza kwa simu yenye FM ajue waya wa spika za masikioni ndiyo antena, aunyooshe. Na kwa zahanati, shule au duka lililo kilomita 12, dipoli ya nje kwenye mti wa mita 6 inafanya kazi kubwa kuliko wati zote mnazoweza kuongeza. Ni mabomba mawili ya alumini ya sentimita 72, kebo ya TV ya ohm 75, na kipande cha plastiki katikati.

mitambo_jamii

Nawashukuru sana wakuu. Majibu ya vipimo:

Nguvu ya kwenda wati 98, ya kurudi 9. Usiku ni vilevile, 97 na 9. Volti zinashuka kutoka 231 hadi 212 lakini mtambo hautikisiki. Joto la kawaida.

Mikono ya dipoli: kila mmoja sentimita 81. Konekta ya juu haina kutu.

Stirio tumeizima pamoja na pailoti. Mabadiliko yanaonekana: kusini redio ya gari sasa inakwenda hadi kilomita 12 ndipo ianze kukwaruza. Nyuma ya kilima bado kimya.

Swali: wati 9 za kurudi kati ya 98 si asilimia 9 tu? Mtambo hautoi onyo lolote.

FundiKebo

Hapo ndipo penye ugonjwa mkuu, na nitaeleza kwa nini mtambo haulalamiki.

Namba uliyosoma imepimwa chini, baada ya kupita kwenye kebo mara mbili. Nguvu inapanda ikipoteza 3.5 dB, antena inarudisha sehemu yake, na sehemu hiyo inapoteza 3.5 dB nyingine ikishuka. Kati ya 98 na 9 kuna tofauti ya 10.4 dB. Toa 7 za kebo, zinabaki 3.4. Hiyo ndiyo hali halisi pale juu: antena inarudisha takriban asilimia 46 ya inachopelekewa. SWR (kipimo cha antena inavyolingana na kebo, 1 ndiyo bora kabisa) inayoonekana chini ni 1.9, lakini juu kabisa inapita 5. Kebo inayopoteza inaficha antena mbovu.

Kwa hiyo kati ya wati 45 zinazofika juu, zinazotoka hewani safari ya kwanza ni kama 24. Mnarusha robo ya kile kinachoandikwa kwenye mtambo. Mtambo wa wati 300 ungeletewa hapo wati 27 za kurudi, na mitambo mingi ingejipunguza yenyewe kujilinda.

Sababu mojawapo umeshaitaja mwenyewe: mikono ya sentimita 81. Urefu wa dipoli nzima kwa mita ni takriban 142.5 ukigawa kwa MHz. Jumla yenu ni 1.62, ambayo ni dipoli ya 88 MHz. Kwa 98.4 inatakiwa 1.45, yaani sentimita 72 na nusu kila mkono. Mabomba yakiwa manene urefu unapungua kidogo zaidi, kwa hiyo kateni kwa hatua: anzeni na 75, pimeni, kisha punguzeni nusu sentimita kila upande hadi nguvu ya kurudi ifike chini kabisa. Mikono yote miwili iwe sawasawa.

Sababu ya pili ni hizo sentimita 30. Robo ya wimbi kwenye 98.4 ni sentimita 76. Chuma kikiwa karibu hivyo kinabadilisha ukinzani wa antena na kuifanya isilingane na kebo ya ohm 50. Wekeni mkono wa kushikilia wenye urefu wa sentimita 76 au zaidi. Kebo itoke katikati ya dipoli ikilala sambamba na mkono huo hadi kwenye mlingoti ndipo ishuke. Isining'inizwe kando ya mkono wa chini wa dipoli, itakuwa sehemu ya antena. Pale inapoungana na dipoli izungusheni mizunguko mitano ya kipenyo cha sentimita 15, ifungwe kwa tepu, ili mkondo usitambae juu ya ganda la nje la kebo.

Kabla ya kukata chochote fanyeni jaribio moja la kuondoa shaka. Chomoeni kebo kwenye antena, mwishoni mwake juu kule wekeni mita ya nguvu na mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena) wa ohm 50 unaoweza kubeba wati 100. Mtambo uwashwe anayepima akiwa ameshashuka au akiwa mbali na konekta, mita isomwe kwa kamera au darubini. Ikisoma karibu wati 45, na chini nguvu ya kurudi ni karibu sifuri, kebo ni nzima na kosa lote ni la antena. Ikisoma 30, kebo imekunywa maji.

Desibeli_Kwanza

Asante FundiKebo. Basi hesabu yangu ya kwanza ishushwe kwa karibu 3 dB kwa hali ya sasa, na ndiyo inayorudi mkirekebisha antena tu.

Hizo sentimita 30 zinaeleza pia tofauti ya kaskazini na kusini. Mlingoti wa chuma nyuma ya dipoli ya wima unafanya kazi ya kioo: unasukuma mawimbi upande wa mbele na kuacha kivuli nyuma. Kama wasikilizaji wako pande zote, mahali pazuri ni juu ya kilele, dipoli ikisimama peke yake juu ya bomba la fibaglasi, chuma kikiishia chini ya ncha yake. Kama haiwezekani, geuzeni mkono wa kushikilia uelekee kule kwenye watu wengi au kule mnakosikika kwa shida.

Mkifikia hatua ya dipoli mbili, zipangwe moja juu ya nyingine, katikati hadi katikati mita 2.6 hivi. Kigawanyi cha nguvu kitoe kebo mbili zenye urefu uleule kabisa, za aina ileile. Zaidi ya yote, waya wa ndani wa kebo uende kwenye mkono wa juu kwa dipoli zote mbili. Mkigeuza moja, mawimbi yanauana kuelekea upeo wa macho na kurushwa mawinguni na ardhini. SWR itaonekana nzuri kabisa huku kijiji cha kilomita 5 kikilalamika, na watu huhangaika muda mrefu kabla ya kulishuku hilo.

Mawimbi_98

Niseme juu ya mikwaruzo ya usiku na kilima, mengine yamekamilika.

Usiku. Mara nyingi watu wanasema "anga inabadilika usiku" kwa kufikiria mawimbi ya AM, ambayo kweli hudundishwa na tabaka la juu la anga jua likizama. FM haiko hivyo. Kwa FM kuna mambo matatu, na vipimo vyenu vimeshafuta la kwanza, kwamba mtambo unapungua nguvu. La pili ni kelele za majumbani: saa 1 usiku ndiyo saa ya taa za LED, chaja na TV. La tatu ni hewa ya joto kukaa juu ya hewa baridi, hasa jioni tulivu na alfajiri, au karibu na bahari na maziwa makubwa. Tabaka hilo hupindisha mawimbi yafuate ardhi, na kituo cha mbali sana kinachotumia 98.4 au jirani yake kinaingia.

Kutenganisha ni rahisi. Chukua redio ya betri, nenda nayo kwa msikilizaji anayelalamika, usiku. Ikisikika "shhh" ya moja kwa moja, toka nje hatua ishirini au thelathini kutoka kwenye nyumba. Ikipungua, ni kelele za nyumba: zimeni kifaa kimoja kimoja hadi mkipate. Lakini ikisikika muziki au lugha ya watu wengine ikipishana na yenu, huyo ni kituo kingine. FM hushikilia wimbi lenye nguvu zaidi, kwa hiyo redio inaruka kutoka kwenu kwenda kwao na kurudi. Wimbi lenu linapaswa kulizidi lao kwa takriban 28 dB kwa mono na 37 kwa stirio, kwa kuingiliwa kwa muda kama huko, ndipo msikilizaji asisumbuke. Hiyo ni sababu nyingine ya kubaki mono. Mkiwa na uhakika kuwa ni kituo kingine, andikeni saa, tarehe na mahali, na kama inawezekana rekodi fupi ya sauti. Mamlaka ya masafa haiwezi kushughulikia malalamiko ya "kuna mwingiliano" pasipo hayo.

Kuna tatizo la nne lisilohusu usiku, linalochanganywa na udhaifu wa wimbi. Kama sauti inachafuka hasa kwenye "s" na "sh" ilhali alama ya nguvu iko juu, au kwenye gari inakatika-katika kwa haraka kadiri gari linavyokwenda, hayo ni mawimbi yaliyodunda kilimani yanakutana na ya moja kwa moja. Wati zaidi hazisaidii, kwa sababu na mdundo nao unakua. Msikilizaji asogeze redio mita moja, au aweke Yagi (antena ya vijiti vingi inayopokea upande mmoja) iliyogeukia mlingoti.

Kilima. Msidanganyike kwamba mkiona kilele cha mlingoti kwa shida juu ya kilima basi njia ni nyeupe. Kwa masafa haya wimbi linahitaji nafasi kubwa kuzunguka mstari wa macho: kwenye njia ya kilomita 10, katikati yake, kipenyo nusu cha eneo hilo ni karibu mita 87. Kilima kinachogusa tu mstari wenyewe kinakata 6 dB, na kikipanda juu yake hasara inaongezeka haraka. Kijiji kilichojibana nyuma ya mteremko, kilomita 3 tu kutoka kwenye kilele, kinaweza kukosa 20 dB au zaidi. Kuziba 20 dB kwa wati ni kuzidisha mtambo mara mia.

Chora umbo la ardhi kabla ya kuamua. Google Earth inatoa mchoro wa mwinuko kati ya nukta mbili, na Radio Mobile ni programu ya bure inayotumia data za mwinuko za SRTM (vipimo vya ardhi vilivyochukuliwa kutoka angani) kukadiria usikivu kwenye ramani nzima. Ingizeni nguvu halisi ya hewani, si ya mtambo, na urefu wa antena juu ya ardhi.

Kisha kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni kuhamishia mtambo na antena juu ya kilima hichohicho, studio ibaki ilipo, sauti ipelekwe kwa kiungo cha redio. Kilomita 9 zenye kuonana wazi ni kazi nyepesi kwa jozi ya antena za data za 5 GHz. Mita 24 za mlingoti juu ya kilima zinawahudumia watu wa pande zote mbili, na mtashangaa wati 100 zinavyokwenda. Inataka umeme, ulinzi, kinga ya radi na leseni ya eneo jipya. Ya pili ni kituo kidogo cha kurudishia, wati 10 au 20 kileleni, kikipokea 98.4 na kurusha kwa masafa mengine. Msijaribu kurudisha kwa 98.4 ileile bila mtaalamu: antena ya kupokea ikisikia ya kurushia, mtambo unajilisha na kupiga mluzi, na mahali mawimbi mawili yanapokutana kwa nguvu sawa hakuna atakayesikia vizuri. Masafa ya pili yakitengana na ya kwanza kwa MHz 2 au zaidi, kuchuja ni rahisi. RDS (data zinazosafiri pamoja na sauti ya FM) ikiwekwa orodha ya masafa yote mawili, redio za gari zinajihamisha zenyewe zikivuka kilima.

mitambo_jamii

Jaribio la mzigo bandia limefanyika: juu mita imesoma wati 44, chini nguvu ya kurudi ni 0.1. Kwa hiyo kebo ni nzima. Usiku ni "shhh" tupu, na nje ya nyumba inapungua sana, hakuna kituo kingine.

Mpango wetu: kwanza mikono ya dipoli na mkono wa kushikilia wa sentimita 76, kisha kebo ya nusu inchi, dipoli ya pili baadaye. Kilima tutakiombea leseni ya eneo. Nguvu ya kurudi tuikubali ikifika wapi?

FundiKebo

Mpangilio mzuri. Lengo ni SWR ya 1.5 au chini pale kwenye antena, yaani irudishe asilimia 4. Kwa kebo ya sasa, ukiongeza 7 dB za kwenda na kurudi, chini utasoma wati 0.8 hivi kwa 98 za kwenda. Mkisoma wati 3 msiseme "imeshuka kutoka 9, inatosha". Wati 3 kwa kebo hiyo ni antena inayorudisha asilimia 15. Endeleeni kukata nusu sentimita.

Mkishabadilisha kebo, msishtuke: nguvu ya kurudi itapanda hadi karibu wati 2.2 bila antena kuguswa. Hiyo si hitilafu, ni kebo bora isiyoficha kitu. Andikeni namba hiyo na tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mtambo, isomwe kila wiki. Siku itakapofika 4 au 5 baada ya mvua, mtajua maji yameingia juu kabla wasikilizaji hawajapiga simu.